HERUFI ZISIZOSOMEKA: HABARI ZA RANGI NA MACHO

Leo tutajifunza habari za rangi ya herufi na rangi ya mahali zilipoandikwa.

Tazama ubao wa darasa lako. Ubao ni mweusi, chaki ni nyeupe. Kwa nini mwalimu haandiki kwa makaa? Jibu unalijua: hakuna atakayesoma. Lakini jambo hili rahisi lilichukua miaka mingi kupata kipimo katika kompyuta.

Tuanze na Mwingereza mmoja, jina lake John Dalton, mtaalamu wa sayansi wa mji wa Manchester. Mwaka 1792 alitazama ua la rangi ya waridi. Mchana aliliona samawati. Usiku, kwa mwanga wa mshumaa, aliliona jekundu. Karibu wenzake wote hawakuona badiliko hilo. Mwaka 1794 aliwasomea wataalamu wa mji huo maelezo ya macho yake. Hivyo watu wengi wakapata kufahamu kwamba wako wasioweza kupambanua rangi fulani, kama nyekundu na kijani.

Basi fahamu jambo hili. Rangi mbili zaweza kuwa na majina mbalimbali, lakini mwanga wake ukakaribiana. Nyekundu juu ya kijani yaweza kumpotea mtu kama Dalton. Nyeusi juu ya nyeupe haimpotei, maana giza na mwanga anavipambanua.

Sasa twende kwenye tovuti, yaani kurasa zisomwazo katika kompyuta na simu. Mwaka 1994 Tim Berners-Lee alianzisha shirika la kuziwekea kanuni, liitwalo W3C. Mwaka 1999 shirika hilo lilitoa kanuni kwamba herufi ziwe na tofauti ya kutosha na rangi ya nyuma yake. Lakini kutosha kwa nani? Kijana mwenye macho makali husema yatosha. Bibi yake husema haitoshi.

Kwa hiyo mwaka 2008 waliweka kipimo. Mwanga wa rangi mbili hulinganishwa kwa hesabu. Rangi zilizo sawa hupata 1. Nyeusi na nyeupe hupata 21. Njano juu ya nyeupe hupita 1 kidogo tu. Herufi za kawaida zisipungue 4.5, herufi kubwa zisipungue 3. Walipochagua 4.5 waliwafikiria wazee wa miaka 80 hivi, ambao macho yao yamepungua nguvu.

Je, kanuni hiyo inafuatwa? Mwaka 2024 wataalamu wa WebAIM, huko Marekani, walipima kurasa za mbele za tovuti 1,000,000. Katika kila 100, kurasa 81 zilikuwa na herufi zilizopungukiwa na kipimo.

Basi, ndugu msomaji, ukishika simu juani ukashindwa kusoma kiasi cha dawa au ada ya mtoto, usiseme upesi, “Mimi sijajua kusoma.” Kwanza tazama rangi. Pengine mwandishi ndiye aliyekosa.

MASWALI
1. Dalton aliliona ua katika rangi gani mchana, na rangi gani usiku?
2. Kanuni ya mwaka 1999 ilipungukiwa na nini?
3. Tafuta tangazo lililo gumu kusomeka. Andika rangi zake mbili, kisha taja rangi ambazo ungechagua wewe.