Kompyuta moja, PostgreSQL mbili: ipi inafanya kazi?

Wadau, leo siasa tuziweke kando, tuongee historia kidogo.

Sisi wa Kagera tunaijua gharama ya orodha yenye pengo. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo watu wanabishana walikufa wangapi.

Mwaka huohuo, mbali kabisa na Ziwa Victoria, programu moja ya kutunza data ilipewa jina jipya: PostgreSQL. Ilianza mwaka 1986 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Michael Stonebraker. Kwanza iliitwa Postgres, kwa kuwa ilikuja baada ya mradi wake wa zamani, Ingres. Usidhani ni habari za Wazungu tu. DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za vituo vyetu vya afya, vya Bukoba na Muleba vikiwemo, data zake hukaa ndani ya PostgreSQL.

Sasa tatizo linakuja hapa. Kila toleo kubwa hupanga mafaili yake kivyake, na toleo jingine haliwezi kuyasoma moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye Debian na Ubuntu toleo jipya huwekwa pembeni ya la zamani, kila moja na folda yake na mlango wake. La zamani hubaki mlango 5432 likiwa na data zote, jipya hukaa 5433 likiwa tupu. Mtu mwenye haraka akiona namba kubwa anaamini ndiyo inayotumika, anafuta la zamani pamoja na folda yake. Hapo rekodi za wagonjwa zimekwenda na maji.

Fundi mmoja wa Muleba alinieleza mtego wenyewe. Ukiandika psql --version, unajibiwa toleo la programu unayoulizia, siyo la seva inayokujibu. Ni sawa na kumuuliza karani umri wake ukidhani umeuliza umri wa daftari. Yeye huanza na pg_lsclusters, inayoonyesha kila toleo, mlango wake, na kama limewaka au limezimwa. Kisha anaingia kwenye seva ileile inayotumiwa na mfumo na kuiuliza yenyewe: SELECT version(), halafu SHOW data_directory, ili ajue folda ipi ina data.

Ndugu wa MySQL nao wasicheke. Mwaka 2009 Michael Widenius alianzisha MariaDB kutoka kwenye MySQL, na tangu Debian 9 ya mwaka 2017 ukiomba MySQL ya kawaida unapewa MariaDB. SELECT VERSION(), itakuumbua.

Maswali hayo hayamalizi dakika mbili. Ulizeni kwanza, chukueni nakala ya data, ndipo mfute. Tuko pamoja.