Kuosha Pua kwa Maji ya Chumvi Nyumbani: Usalama Huanzia Kwenye Maji

Kuziba kwa pua ni kero inayowasumbua wananchi wengi, hususan wakati wa kipupwe kati ya mwezi Juni na Agosti, pamoja na wale wanaoishi au kufanya kazi katika maeneo yenye vumbi na moshi. Njia mojawapo ya kupata nafuu bila dawa ni kuosha pua kwa maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo. Njia hiyo ni rahisi na haina gharama kubwa. Hata hivyo, ina sharti moja lisilokwepeka: maji yanayoingizwa puani lazima yawe yamechemshwa na kupozwa, hata kama ni maji yanayofaa kwa kunywa.

Kwa nini pua huziba

Mtu anapopata mafua au mzio, mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya pua hutanuka, utando wa pua huvimba na kamasi huongezeka. Nafasi ya kupitisha hewa hupungua, na mgonjwa hulazimika kupumua kwa mdomo.

Maji ya chumvi hulainisha kamasi nzito na kuondoa vumbi, chavua na uchafu mwingine ulionasa puani. Hayaui virusi vya mafua wala hayaponyi mzio. Kazi yake ni kupunguza usumbufu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2018 yalionesha kuwa njia hii inaweza kupunguza dalili za mzio wa pua. Kwa mafua ya kawaida, ushahidi uliopo bado ni mdogo. Aidha, mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa hakuna ushahidi kwamba kuosha pua kwa maji ya chumvi huzuia maambukizi ya UVIKO-19.

Maji ya kunywa hayatoshi

Vimelea vichache vinavyoweza kubaki katika maji ya kunywa kwa kawaida huuawa na tindikali ya tumboni. Pua haina kinga hiyo. Katika maji baridi yasiyo ya bahari, hasa yenye uvuguvugu, huweza kuwapo amiba aitwaye Naegleria fowleri. Akimezwa hana madhara, lakini akiingia puani anaweza kufuata mshipa wa fahamu wa kunusa hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni nadra sana, ila karibu kila anayeupata hufariki. Mwaka 2011, watu 2 katika jimbo la Louisiana nchini Marekani walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba ambayo hayakuchemshwa.

Chumvi inayotiwa katika mchanganyiko haitoshi kuua vimelea hivyo. Kwa sababu hiyo, maji ya bomba, kisima, mvua, mto au ziwa yasitumike kabla ya kuchemshwa. Maji ya chupa ya kunywa nayo yachemshwe. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri hayafai kabisa kuingizwa puani.

Namna ya kuandaa mchanganyiko

1. Osha mikono kwa sabuni na maji tiririka. Andaa chombo safi chenye mfuniko.

2. Chemsha maji hadi yatokote, kisha yaache yaendelee kutokota kwa dakika 1 kamili. Katika maeneo yaliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama uwanda wa Kitulo mkoani Njombe, yatokote kwa dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka katika joto la chini zaidi. Birika la umeme linalojizima mara tu maji yanapochemka huenda lisifikie muda huo.

3. Funika maji na uyaache yapoe yenyewe hadi yawe vuguvugu. Usiyapoze kwa kuongeza maji yasiyochemshwa, kwani kufanya hivyo hurudisha hatari iliyokwisha kuondolewa.

4. Pima nusu lita ya maji hayo, kisha koroga humo kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa, hadi iyeyuke yote. Kiasi hicho hukaribia kiwango cha chumvi kilichomo mwilini, ambacho ni takriban gramu 9 kwa lita. Mchanganyiko ukichoma, ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Chumvi isiyo na viungo wala viongezwa ndiyo bora kwa kazi hii, kwa kuwa madini joto na viongezwa vingine huweza kuwasha pua za baadhi ya watu. Kwa chakula, familia ziendelee kutumia chumvi yenye madini joto. Magadi yasitumike katika mchanganyiko huu, kwani yanaweza kuunguza utando wa pua.

Namna ya kuosha pua

Tumia chupa maalumu ya kuoshea pua, au bomba jipya la sindano lisilofungwa sindano. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande mmoja, fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Ingiza maji taratibu katika tundu la pua lililo juu, bila kuyasukuma kwa nguvu. Yatatokea tundu la pili au mdomoni, na yatemwe. Badili upande na urudie. Baadaye penga kamasi polepole, tundu moja baada ya jingine.

Mara 1 au 2 kwa siku hutosha wakati dalili zipo. Mchanganyiko uandaliwe upya kila siku na unaobaki umwagwe. Kifaa kioshwe, kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kuachwa kikauke. Kila mtu awe na kifaa chake.

Watoto na wenye hali maalumu

Mtoto mchanga hutegemea zaidi pua katika kupumua, hivyo inapoziba hushindwa kunyonya vizuri. Asioshwe pua kwa bomba wala chupa. Matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kiwandani hupatikana katika maduka ya dawa, na mzazi apate maelekezo ya mtoa huduma za afya kabla ya kuyatumia. Maji yasiingizwe puani kwa mtoto anayetokwa na uchafu wenye harufu mbaya katika tundu moja tu, kwa kuwa huenda ameingiza punje, shanga au kitu kingine. Apelekwe kituo cha afya.

Watu wenye maumivu ya sikio, wanaotokwa damu puani mara kwa mara, waliofanyiwa upasuaji wa pua au kuumia kichwa hivi karibuni, pamoja na wenye upungufu wa kinga mwilini, wapate ushauri wa daktari kwanza.

Tahadhari kuhusu dawa

Dawa za kupuliza au matone ya kuzibua pua, kama zailometazolini, zisitumike zaidi ya siku 5 bila ushauri wa daktari, kwa kuwa matumizi ya muda mrefu husababisha pua kuziba tena. Antibiotiki hazitibu mafua ya virusi, na kuzitumia pasipo sababu huchochea usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mgonjwa aende kituo cha afya endapo dalili zitadumu zaidi ya siku 10, au zitapungua kisha zikarejea kwa ukali, au akiwa na homa kali au uvimbe kuzunguka jicho. Mtoto anayepumua kwa shida, anayebonyea kifua anapovuta hewa, au asiyeweza kunyonya apelekwe mara moja.

Vilevile, maumivu makali ya kichwa, homa, kutapika, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa ni dalili za dharura. Zikijitokeza siku chache baada ya kuosha pua kwa maji yasiyochemshwa, mgonjwa awahishwe hospitali, na mtoa huduma aelezwe bayana aina ya maji yaliyotumika.