Great Ocean Road: Kusafiri na kulala garini kwenye pwani ya Australia

Great Ocean Road ni barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 243 katika jimbo la Victoria, kusini mwa Australia. Inaanzia Torquay, kama kilomita 100 kutoka Melbourne, na kuishia Allansford karibu na Warrnambool. Wageni wengi huisafiri kwa siku mbili au tatu wakiwa na gari la kukodi lenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Wapo wanaoimaliza kwa siku moja, ila hao hurudi wameona lami zaidi kuliko bahari.

Nani aliijenga?

Kazi ilianza mwaka 1919. Askari wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza walichonga njia ubavuni mwa majabali kwa sururu, sepetu na baruti, hadi ilipokamilika mwaka 1932. Waliijenga iwe ukumbusho wa wenzao waliofia vitani. Kwa hiyo lile tao la mbao la Eastern View, ambalo kila mtu hupigia picha, ni mnara wa kumbukumbu.

Kuendesha

Huko magari hupita kushoto, kama Kenya na Tanzania. Ukitoka Torquay kuelekea magharibi, bahari iko upande wako wa kushoto, hivyo unaweza kuegesha penye mandhari nzuri bila kukata barabara. Kati ya Lorne na Apollo Bay kona ni nyingi na kali. Gari la kulalia ni zito na refu, na foleni hujipanga nyuma yake haraka. Zipo sehemu za kusogea pembeni, na ni ungwana kuzitumia. Jioni na alfajiri kangaruu huvuka ghafla. Afadhali umalize safari kabla ya giza.

Kulala

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Kuwa na kitanda ndani ya gari hakukupi ruhusa ya kulala popote. Kando ya barabara hii na kwenye maegesho ya ufukweni ni marufuku, na faini ipo. Unalala katika viwanja vya kambi vilivyotengwa, ambavyo Desemba na Januari hujaa mapema. Maji machafu ya jikoni hayamwagwi chini. Siku ambazo serikali imepiga marufuku moto, usiwashe kuni nje hata kidogo: Krismasi ya mwaka 2015 moto wa msituni uliteketeza nyumba zaidi ya 100 eneo la Wye River na Separation Creek.

Majabali yanayoanguka

Kivutio kikubwa ni Twelve Apostles, yaani Mitume Kumi na Wawili, nguzo za mawe ya chokaa zilizosimama baharini. Hazijawahi kutimia kumi na mbili. Mawimbi hula mawe hayo kutoka chini, na Julai 2005 nguzo moja iliporomoka ikawa kifusi ndani ya sekunde chache. Mwaka 1990 daraja la asili lililoitwa London Bridge lilikatika, likawaacha watalii wawili upande wa baharini mpaka helikopta ilipowachukua. Hawakuumia. Ukingo unaoonekana imara juu unaweza kuwa mtupu chini yake, ndiyo maana kuna uzio. Picha ipigwe ukiwa ndani yake.