Daftari la Peugeot

Mamangu alipopata mkopo wa sacco mwezi wa pili, alinipigia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. "Wewe ndiye umesoma," akasema. Nikacheka. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikiwa nasomea historia, na yeye anajua hilo vizuri kwa sababu karo ilikuwa inatoka mfukoni mwake. Lakini hakuwa anatania. Alitaka nimsindikize kutafuta gari. Si gari ya kuringa, hapana. Gari ya familia: milango minne, watu watano, buti ya kuingiza gunia la viazi na bado begi za wajukuu zitoshe.

Alikuwa na milioni moja na laki tatu. Kwa mwalimu wa primary aliyebakisha miaka minne astaafu, hizo si pesa za kufanyia majaribio. Ukikosea unakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya gari iliyolala kwa fundi.

Sikujua mengi kuhusu injini. Nikaanzia kwa kile ninachokijua kidogo, ambacho ni kuuliza: kabla yetu, watu walijuaje kwamba gari hii ni nzuri na ile ni balaa?

Nyumbani kwetu jibu lilikuwa Peugeot 504. Marehemu baba aliinunua mwaka 1991, ikiwa tayari imepita mikono miwili, na akaiuza 2004 dada yangu alipoingia sekondari. Mimi nakumbuka harufu ya viti vyake tu, na jinsi nyuma yake ilivyoinama kama mtu aliyechoka. Kilichobaki ni daftari. Baba aliliweka kwenye droo ya dashibodi na kuandika kila kitu: oili, plagi, tairi, lita za petroli, hata jina la fundi aliyemdanganya huko Gilgil. Mama amelihifadhi pamoja na cheti cha ndoa.

504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Kule waliipenda kwa starehe. Huku kwetu starehe hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, na kwenye sedani kila gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka peke yake, kwa hiyo ukiingia kwenye shimo upande mmoja, gari nzima haikuruka. Injini ya lita 2 haikuwa na siri nyingi. Fundi mwenye spana chache angeifungua chini ya mwembe na kuirudisha.

Halafu kulikuwa na Safari Rally. Sisi tunaiona Safari kama sherehe ya Naivasha, ya nyama choma na mapicha. Kwa kizazi cha babu ilikuwa pia mtihani wa hadharani. Ilianza 1953, ikapita kwenye barabara zilezile ambazo watu walitumia kupeleka maziwa na kwenda matanga, na kwa miaka mingi gari zilizoshindana hazikuwa mbali sana na zile za dukani. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo ziliendeshwa na Bert Shankland kutoka Tanzania. 504 ikashinda 1975 chini ya Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile kupe ya V6. Mtu aliyesimama kando ya barabara wakati wa Pasaka, matope hadi magotini, aliona kwa macho yake ni gari gani imepita na ni gani imevutwa na trekta. Hilo lilikuwa tangazo, na huwezi kulipinga kwa maneno.

Ile ya familia, yenye safu tatu za viti, ikawa matatu ya masafa marefu. Watu hawakusema wanapanda matatu, walisema wanapanda Peugeot. Leo kazi hiyo huko mashinani inafanywa na Probox, na idadi ya abiria bado ni siri kati ya dereva na Mungu.

Sitaki kuipaka sukari. 504 iliota kutu. Ilikunywa petroli; daftari la baba lina ukurasa mzima wa malalamiko. Haikuwa na mifuko ya hewa, na watoto tulikaa nyuma bila mkanda, tukisimama katikati ya viti kutazama mbele. Zile Peugeot za abiria ziliua watu wengi, na wazee wanaozisifu kwa mwendo wanasahau sehemu hiyo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mnunuzi wa wakati huo alikuwa nacho na sisi hatuna. Gari zilikuwa chache, kwa hiyo kila gari ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Baba hakununua "504 ya mwaka fulani." Alinunua gari ya daktari. Mji mzima ulimjua daktari, ulijua anaendesha polepole na kwamba aliwahi kugonga ng'ombe. Historia ya gari ilikuwa midomoni mwa majirani, bure.

Hata upya wa gari ulikuwa na sura ya hapa. Katika miaka ya 70 serikali iliingia ubia na kampuni za nje, na viwanda vya kuunganisha magari vikaanza Thika, Nairobi na Mombasa. Vipuri vilifika kwenye makasha na mikono ya Wakenya ikavifunga. Tulijaribu pia kwenda mbali zaidi. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari ya Kenya, hata ikitoka mbaya au ya polepole. Mwaka 1990 akazindua Nyayo Pioneer pale Kasarani. Zilitengenezwa tano za majaribio na zilifika kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuzitengeneza kwa wingi hazikupatikana. Watu hucheka wakisikia hadithi hii. Mimi sichekagi sana siku hizi: angalau mtu alikaa chini na kujiuliza familia ya Kenya inahitaji gari ya aina gani, badala ya kuuliza ni gari gani imebaki mahali pengine.

Maana tangu 1993 swali limekuwa hilo la pili. Mwaka huo serikali iliondoa leseni za kuagiza bidhaa na kulegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Mitumba ya magari ikaingia, mwanzoni nyingi kupitia Dubai, kisha moja kwa moja kutoka Japani. Viwanda vya hapa vikashindwa kushindana, gari mpya ikawa ya kampuni, ya serikali na ya wachache, na familia ya kawaida ikapata Corolla.

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Kwa nini Mjapani anaiuza gari inayong'aa? Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari mpya hukaguliwa ikifika miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na gharama yake ukijumlisha ushuru, bima na matengenezo inauma. Gari ikishavuka miaka 13, kodi yake ya kila mwaka inapanda. Kwa hiyo watu wanauza mapema, mnadani, na sisi tunasubiri upande huu wa bahari. Kanuni yetu nayo inasema gari isiwe imezidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Kati ya sheria hizo mbili, ya kwao na ya kwetu, ndipo gari ya mamako inapochaguliwa. Ladha yake inakuja baadaye.

Chukua Toyota Premio, ambayo ndiyo jibu la kila Mkenya ukimuuliza sedani ya familia. Premio ilitengenezwa kwa soko la Japani. Upana wake ni kama mita 1.7 kwa sababu kule gari ikizidi hapo inaingia kundi lingine la usajili, pamoja na zile zinazozidi urefu wa mita 4.7 au injini ya lita 2. Ndiyo maana kiti cha nyuma kina nafasi nzuri ya magoti lakini mtu wa tatu katikati anakaa kama barua kwenye bahasha. Gari ilipimwa kwa ajili ya karatasi za Tokyo, siyo kwa shangazi watatu wanaokwenda ruracio Murang'a. Na sisi tuna kizingiti chetu: injini ikizidi 1500cc, ushuru wa forodhani unapanda, ndiyo sababu ile ya 1.5 inatafutwa kama kazi ya serikali. Ya lita 2 yenye injini ya D4 mafundi wengi watakwambia uiogope. Toyota waliacha kuitengeneza Premio mwaka 2021, kwa hiyo kwa hesabu ya miaka minane, ya mwisho itaingia Mombasa 2028.

Hata wakubwa walikuwa na msimu wao wa sedani. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, aliagiza gari za mawaziri zisizidi 1800cc, na serikali ikanunua Volkswagen Passat 120. Passat ni gari nzuri, nyumba nyingi Ujerumani zimelelewa nayo. Mawaziri walilia. Wengine walisema haitafika maeneo bunge yao. Mama alikumbuka hilo tukiwa kwenye matatu kuelekea Ngong Road. "Sisi tulifika mashinani na 504 yenye mlango umefungwa na waya," akasema.

Kwenye yadi tulikuta Premio ya 2011, fedha, imeoshwa hadi matairi yanameta. Kilomita 78,000. Kijana wa yadi alimwita mama "mum" mara kumi kwa dakika tano. Bei ilikuwa milioni moja na laki nne, "lakini tutaongea." Mama aliingia, akashika usukani, na nikamwona anatabasamu. Nikajua nina dakika chache.

Tulikuwa tumemlipa fundi wetu kutoka Kariobangi, mzee asiyependa kuongea. Alianza na vitu ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvidanganya. Mita ya kilomita inarudishwa nyuma kwa kompyuta, hiyo kila mtu anaijua. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi laini, na ngozi ya usukani iling'aa upande wa kulia. Gari ya kilomita 78,000 haiwi hivyo. Akageuza kingo za vioo: kila kioo kina alama ya mwaka, na kioo cha mbele hakikufanana na wenzake. Hilo peke yake si kosa, jiwe linaweza kukivunja. Kisha akavuta mikanda hadi mwisho, ambapo kuna kitambaa chenye tarehe. Ya nyuma ilikuwa ya 2011. Miwili ya mbele ilikuwa ya 2013.

"Mikanda ya mbele hubadilishwa mifuko ya hewa ikilipuka," fundi akasema, akaangalia bolti za boneti. Rangi yake ilikuwa imekwaruzwa na spana.

Profesa wangu mmoja angelipenda somo hilo. Mashahidi wanne, hakuna aliyeongea na mwenzake, na wote wanakataa hadithi ya muuzaji. Niliuliza kama wana karatasi ya mnada kutoka Japani, ile inayoonyesha daraja la gari na herufi R kama iliwahi kugongwa na kurekebishwa. Kijana akasema ilipotea wakati ofisi inahama. Mama alishuka polepole. Hakusema kitu hadi tulipofika stage, halafu akasema, "Ilikuwa inanukia vizuri lakini."

Ilituchukua wiki saba zaidi. Niliona gari zilizolowa maji, zenye mchanga mwembamba chini ya kapeti. Niliona logbook yenye jina la mtu ambaye muuzaji hawezi kumpigia simu. Nilijifunza kufika asubuhi na mapema na kuomba injini isiwashwe kabla sijaigusa, maana injini iliyopashwa moto inaficha kikohozi chake.

Ile tuliyoichukua haikuwa hata Premio. Ni Corolla Axio ya 1.5, ya nesi mstaafu wa Nakuru, yenye mkwaruzo mrefu mlango wa kushoto na kilomita 164,000 zisizofichwa. Fundi alilala chini yake kwa dakika arobaini, akatoka na orodha: shokabu za nyuma, mpira mmoja wa injini, betri. Tukapunguziwa elfu arobaini. Nilipinga kidogo, kilomita zilinitisha. Ndipo yule nesi akafungua droo ya dashibodi na kutoa daftari la mazoezi, jalada la kijani. Lilianza 2016. Oili, breki, tairi, tarehe, bei. Mahali pamoja aliandika kwamba alimgonga mbuzi Salgaa na kulipa elfu tano.

Mama alilisoma kurasa zote akiwa amesimama. Kisha wakakaa na yule nesi sebuleni kwa saa nzima wakiongea kuhusu mambo mengine kabisa, pensheni na magoti, mimi na fundi tukinywa chai nje.

Logbook ilibadilishwa jina wiki iliyofuata. Jioni hiyo nilimkuta mama ameketi ndani ya gari, taa ya ndani inawaka, biro mkononi. Alikuwa amepiga mstari chini ya maandishi ya mwisho ya nesi na kuandika tarehe. Chini yake: oili, lita nne. Betri mpya. Akaniuliza betri ilikuwa shilingi ngapi, nami nikamwambia.