Salme: Mkono Uliojifunza kwa Siri

Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa katika jumba la Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye alinakili aya za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa siri, mpaka mkono ukakubali. Akiwa na miaka 15 ndiye aliyemwandikia kaka yake Barghash barua za uasi wake wa 1859 dhidi ya kaka yao aliyekuwa sultani.

Mwaka 1866 aliondoka kwenda Aden, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 alifiwa na mume, akabaki ugenini na watoto watatu. Barua zake ndefu kwa rafiki wa nyumbani, zenye baridi na upweke mwingi, zilichapishwa akiwa ameshafariki. Alikufa Jena mwaka 1924, akazikwa pamoja na mchanga wa Unguja.