Duka la Njiani katika Nchi ya Malemba-Nkulu: Kutoka Misalaba ya Shaba hadi Magazini

Utangulizi

Msafiri atokaye Kamina kuelekea Malemba-Nkulu huziacha nyanda za juu, akapita ukingo wa milima ya Hakansson, kisha akateremka katika bonde la Upemba lenye maziwa, vinamasi na mto Lualaba. Katika safari ndefu ya namna hiyo pa kupumzikia ni dukani. Hapo hununuliwa chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Hapo pia huulizwa hali ya daraja lililo mbele na bei ya samaki huko mtoni. Wenyeji huliita duka au magazini, na mara nyingi hudhaniwa kwamba lililetwa na wakoloni pamoja na reli.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli. Jengo la matofali na kaunta yake ni vitu vya karne ya ishirini. Lakini kazi inayotendeka pale, yaani kukutanisha mali ya bondeni na mali ya mbali, ni ya kale sana. Zaidi ya hayo, historia ya maduka haya yadhihirisha kwamba uhai wa duka hautegemei kuta zake wala jina la mwenyewe, bali njia iletayo bidhaa na uaminifu baina ya muuzaji na mkulima.

Biashara kabla ya duka

Ushahidi wa mwanzo hautoki katika hati, bali makaburini. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Katika miaka ya 1970 utafiti uliendelezwa na Pierre de Maret, na mwaka 1975 Malemba-Nkulu nayo ilichimbwa. Katika makaburi ya bonde hilo zilionekana zana za chuma, vyungu vizuri, mapambo ya shaba na hata kauri zilizotoka Bahari ya Hindi.

Shaba haichimbwi katika bonde la Upemba. Ilitoka kusini, mwendo wa mamia ya kilomita, na hapana budi ilibadilishwa kwa vitu ambavyo bonde lilikuwa navyo tele, hasa samaki wakavu. Kuanzia karne ya 13 na ya 14 huonekana misalaba ya shaba iliyosubuliwa. Ile ya mwanzo ilikuwa mikubwa na michache. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi na yenye vipimo vinavyokaribiana, na maiti waliwekewa mikononi au karibu na kiuno. De Maret ameyaona mabadiliko hayo kuwa dalili ya kitu kilichoanza kama alama ya utajiri kikaishia kuwa fedha. Kwa hiyo, kabla ya faranga ya kwanza kufika Lualaba, watu wa huko walikwisha kuzoea kupima thamani ya kitu kimoja kwa kingine. Biashara ya chumvi, chuma, samaki na mafuta ya mawese ndiyo iliyokuwa moja ya nguzo za ufalme wa Waluba.

Nguo ya merikani

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki walifika katika nchi hiyo, waliyoiita Urua. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyepita huko mwaka 1874 na 1875 wakati wa mfalme Kasongo Kalombo, alimkuta mtu wa pwani aliyeitwa Juma Merikani amekwisha kupiga kambi yake. Wakati huohuo José Antonio Alves alikuwa amefika kutoka upande wa Angola. Hivyo nchi ya Waluba ilikuwa mahali ambapo biashara ya bahari mbili ilikutana.

Jina la Juma lafaa kutazamwa. Merikani ni nguo nyeupe ya pamba iliyofumwa Marekani na kuuzwa Zanzibar, ikaenea bara hata ikawa kipimo cha thamani. Kambi za namna hiyo zilikuwa ghala na mahali pa kupumzikia misafara kwa pamoja, na kwa sifa hizo zakaribiana na duka. Hata hivyo haifai kuzisifu kupita kiasi. Pamoja na nguo na shanga zilipita bunduki, na pamoja na pembe za ndovu walipita watumwa. Biashara ya aina hiyo haikuhitaji imani ya mwanakijiji. Mara nyingi ilimhitaji yeye mwenyewe kama bidhaa.

Reli, mto na magazini

Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Kutoka Bukama meli zilishuka Lualaba kuelekea Kabalo. Malemba-Nkulu haikupata reli. Ilipata mto na barabara. Katika barabara hizo wafanyabiashara kutoka nje, wakiwamo Wagiriki, Wareno na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, walienea Katanga nzima.

Duka lao lilikuwa na umbo linalojulikana: paa la bati, baraza mbele, kaunta ya mbao, rafu za vitambaa na masufuria, majembe, na fundi wa cherehani barazani. Lakini kitu kilichokuwa muhimu kuliko vyote kilikuwa mizani. Kwa mizani hiyo mwenye duka alinunua mahindi, muhogo na samaki wakavu, mali iliyokwenda kulisha wafanyakazi wa migodini. Duka lilikuwa mlango wenye pande mbili: bidhaa ziliingia, mazao yakatoka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana mbele ya mizani ile. Hapo ndipo dhuluma ilipopata nafasi, kwa kuwa mtu mmoja alipanga bei ya jembe na bei ya gunia pia, na mkulima hakuwa na duka jingine la karibu.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya mikono hii yote. Neno duka lilitoka mashariki, kwa asili ya Kiarabu. Magazini lilitoka magharibi, kwa Kifaransa. Lakini Kifaransa nacho kililikopa kwa Waarabu, katika mzizi uleule uliozaa neno letu hazina. Falanga ni ya Wabelgiji, na makuta ni ya mwaka 1967, serikali ilipobadili fedha. Mnunuzi wa Katanga aweza kutumia maneno hayo yote asubuhi moja bila kujua kwamba anasoma historia.

Mwaka 1973 na baada yake

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatiwa mikononi mwa Wazaire. Madai ya haki yalikuwa ya kweli, kwani Mwafrika alikuwa amezuiwa muda mrefu kupata mtaji. Lakini wengi wa waliopewa maduka walikuwa watu wenye jamaa serikalini, si wachuuzi walioijua kazi. Mali iliyokuwamo rafuni iliuzwa, na nyingine haikuagizwa. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa imekwisha kuanza kuwarudishia wageni mali zao, ila wengi hawakurudi.

Hasara kubwa haikuwa rafu tupu. Ilikuwa mizani iliyonyamaza. Mkulima asiye na mnunuzi hana sababu ya kulima zaidi ya chakula chake, na lori lisilo na mzigo wa kurudi nao haliji. Barabara isiyopitwa na malori nayo huharibika. Kisha zikafuata fujo na uporaji wa 1991, kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai katika miji ya Katanga mwaka 1992 na 1993, na vita vya 1998 hadi 2003, ambavyo katika Malemba-Nkulu viliendelea kwa sura ya makundi ya Mai-Mai hata baada ya mapatano.

Hata hivyo biashara haikufa. Ilipanda baiskeli. Wachuuzi walisukuma magunia na samaki siku nyingi kwa miguu, wakarudi na chumvi, sabuni na nguo. Walichouza barazani au chini ya mwembe kilikuwa kidogo, lakini kazi ilikuwa ileile ya mlango wenye pande mbili.

Hitimisho

Misalaba ya shaba, merikani, magazini na baiskeli ni sura nne za jambo moja. Kila mara walipobadilika wenye mali, kazi ya kukutanisha bonde na nchi ya mbali ilibaki. Ilidhoofika pale tu muuzaji alipoacha kuwa mnunuzi. Wanaotaka kuifufua nchi ya Malemba-Nkulu kwa barabara mpya wana fundisho hapa: barabara iletayo sabuni peke yake haitoshi. Duka la njiani litasimama imara siku ambapo mkulima atafika kwenye kaunta akiwa na gunia lake, akakuta mizani ya haki.