Klabu ndogo za mpira za Ireland: madeni, viwanja na watu wa mtaa

Vijana wetu wanajua majina ya klabu za Uingereza kuliko majina ya mito ya jimbo lao. Lakini ngambo kidogo tu ya Uingereza kuna kisiwa cha Ireland, na klabu zake hakuna anayezitaja huku kwetu. Nchi yenyewe si ngeni kabisa: wazee wa upande wa Tanganyika na Katanga wanakumbuka askari wake waliokuja pamoja na ONU mwaka 1960, na wale 9 waliouawa Niemba tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka huo.

Tunaandika juu ya klabu hizo kwa sababu shida zao zitaeleweka haraka kwa kila mtu aliyekaa katika komite ya kanisa, ya shule ao ya ekipe ya vijana. Kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Na yule mkubwa anayelipa kila kitu akiondoka, nani atalipa?

Shampiona ya Ireland ilianza mwaka 1921. Tangu 1985 ina madaraja mawili, na tangu 2003 inachezwa kuanzia mwisho wa baridi mpaka majani yanapoanguka, wakati nchi nyingine za Ulaya zinapumzika katikati ya mwaka. Klabu ya Derry City ina hali ya pekee: mji wake uko Ireland ya Kaskazini, chini ya serikali ya Uingereza, lakini tangu 1985 inacheza katika shampiona ya Ireland ya Kusini.

Umaskini wa klabu hizi una sababu zake. Ireland ina michezo yake ya asili, mpira wa Kigaeli na hurling, na hiyo ndiyo inayojaza viwanja vikubwa na mioyo ya watu wa vijijini. Halafu kuna raga. Na wale wanaopenda mpira wa miguu, wengi wao wanapenda Liverpool na Manchester United. Wanapanda ndege kwenda kuziangalia, na klabu iliyo mwisho wa barabara yao hawajaiingia hata mara moja. Feza ya televisheni ni kidogo sana. Kwa miaka mingi bingwa wa nchi alipewa karibu euro 110,000, ambazo hazitoshi kulipa mishahara ya kikosi kizima kwa mwaka. Feza ya kweli inatoka Ulaya: klabu inayoingia tu katika michezo ya kwanza ya mchujo ya UEFA inapata mara kadhaa kuliko zawadi hiyo ya bingwa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kuingia Ulaya kunataka wachezaji wazuri, wachezaji wazuri wanataka mishahara, na mishahara inalipwa kwa feza ambayo haijafika. Nafasi tatu ao nne tu ziko, lakini klabu saba zinatumia kana kwamba zimekwisha kuzipata.

Shelbourne ya Dublin ilifika mbali mwaka 2004, ikatoka sare 0-0 nyumbani na Deportivo La Coruña ya Hispania katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2006 ilichukua ubingwa, na mwaka uliofuata ikashushwa daraja, si kwa kushindwa uwanjani, bali kwa sababu ya madeni. Ilingoja mpaka 2024 kupata ubingwa mwingine. Drogheda United ilikuwa bingwa 2007. Mwaka 2008 ilikimbilia tribunali. Derry City ilifukuzwa mwisho wa 2009 baada ya kuonekana kwamba wachezaji walikuwa na mikataba miwili, mmoja wa kuonyesha wakubwa wa mpira na mwingine wa kulipwa kweli. Sporting Fingal ilianzishwa kwa msaada wa wajenzi wa majumba, ikachukua Kombe la nchi mwaka 2009, na kufikia mwezi wa 2 mwaka 2011 ilikuwa imekufa. Monaghan United ilijiondoa katikati ya shampiona ya 2012.

Wengi wa matajiri hao walikuwa watu wa majumba na viwanja. Bei za nyumba Ireland zilipanda sana kabla ya 2008, kisha zikaanguka ghafula, na feza ya mpira ikaanguka pamoja nazo. Sheria iliyosema mishahara ya wachezaji isipite asilimia 65 ya mapato ilikuwapo tayari. Sheria haisaidii kama hesabu ya mapato ni ya ndoto.

Tuseme pia maana ya kukimbilia tribunali, kwa kuwa jambo hili linarudi kila mara. Sheria ya Ireland inaruhusu kampani yenye madeni kuomba ulinzi kwa muda. Katika majuma hayo wadai hawawezi kukamata kitu, na mkaguzi aliyewekwa na tribunali anatafuta mwenye kuichukua. Wadai wanakubali kulipwa sehemu tu. Klabu inapona, lakini anayebeba hasara mara nyingi ni mwokaji mikate, mwenye basi, mwenye hoteli, yaani watu wa mji uleule unaoshangilia.

Kiwanja

Kama tungechagua habari moja tu, tungechagua ya Shamrock Rovers. Hiyo ndiyo klabu yenye ubingwa mwingi kuliko zote za Ireland. Ilicheza Milltown, kusini mwa Dublin, na mwaka 1987 familia iliyokuwa na klabu iliamua kuuza kiwanja kwa wajenzi. Mashabiki walikataa kuingia katika michezo iliyohamishiwa kwenye kiwanja cha klabu nyingine, walisimama nje. Haikusaidia. Nyumba zilijengwa Milltown, na leo pana jiwe la ukumbusho tu kando ya barabara.

Kwa miaka 22 klabu hiyo haikuwa na kwao. Ilipanga hapa na pale kama mkimbizi wa ndani. Ujenzi wa kiwanja kipya Tallaght, kartiye kubwa ya wafanyakazi, ulianza, ukasimama kwa kukosa feza, kisha ukacheleweshwa na kesi ya klabu ya mpira wa Kigaeli iliyotaka nayo itumie kiwanja hicho. Mwaka 2005 kampani ya Rovers iliingia katika ulinzi wa tribunali, na mashabiki waliokuwa wakichanga kila mwezi ndio walioichukua. Kiwanja cha Tallaght kilifunguliwa 2009. Mali ni ya baraza la wilaya. Klabu ni mpangaji. Mwaka 2011 Rovers ikawa klabu ya kwanza ya Ireland kufika makundi ya Europa League. Baadaye walipokea wenye feza kuingia kama washirika, lakini sehemu moja ya klabu wanachama waliishika wenyewe.

Bohemian FC, majirani wao wa kaskazini mwa Dublin, ilianzishwa 1890 na tangu mwanzo ni ya wanachama. Mtu asifikiri kwamba hiyo peke yake ni dawa. Mwaka 2006 mapatano yalifanywa ya kuuza kiwanja chao cha Dalymount Park kwa mjenzi mmoja kwa karibu euro milioni 65. Klabu ikaanza kuishi kama tajiri, ikachukua ubingwa wa 2008 na 2009. Kisha soko likaanguka, feza haikuja, na ikabaki deni. Mwaka 2015 baraza la mji wa Dublin lilinunua kiwanja hicho kwa euro milioni 3.8. Tofauti kati ya namba hizo mbili inaeleza miaka hiyo ya Ireland kuliko hotuba yoyote.

Kutoka nje ya ukuta

Kilichofuata Dalymount ndicho kinachotufurahisha zaidi. Klabu isiyoweza kununua wachezaji ilianza kutafuta watu. Si mbali na kiwanja kuna gereza la Mountjoy, na watu wa Bohemian wanaingia humo kufundisha mpira na kucheza na wafungwa. Kuna mpira wa kutembea kwa watu wazima, ambao hakuna anayeruhusiwa kukimbia; wajane na wastaafu waliokuwa wamejifungia nyumbani wanapata sababu ya kutoka. Mwaka 2020 jezi yao ya ugenini, iliyotengenezwa pamoja na Amnesty International, ilikuwa na picha ya familia inayokimbia na maneno ya kuwakaribisha wakimbizi.

Maneno hayo yalikuwa na watu halisi nyuma yake. Tangu 2000 Ireland iliwaweka waombaji wa hifadhi katika vituo, mara nyingi kwa miaka, na mtu mzima alipewa euro 19.10 kwa juma mpaka 2017. Wakongomani wamo kati ya waliopita katika vituo hivyo. Kwa feza hiyo huwezi kununua tiketi ya mpira na bado ukapanda basi; kwa hiyo klabu inayosema njooni, mlango uko wazi, inatoa zaidi ya dakika 90.

Na jezi zilinunuliwa, hata na watu wa mbali wasiojua Dublin iko wapi. Wapo wanaosema kwamba hii ni biashara iliyovaa huruma. Sisi hatuoni ubaya feza ikiingia kwa njia hiyo, maadamu wale wa kituoni na wa gerezani wanaendelea kutembelewa wakati hakuna kamera. Biashara yenyewe ina miiba yake pia: mwaka 2018 walitoa jezi yenye sura ya Bob Marley, aliyeimba Dalymount mwaka 1980, wakalazimika kuiondoa kwa sababu ya haki za picha. Miaka baadaye ruhusa ilipatikana.

Nje ya Dublin mambo ni ya kimya zaidi. Sligo Rovers, ya tangu 1928, na Finn Harps ya Ballybofey ni za watu wa mji, na zinaishi kwa bahati nasibu ya kila juma, michango na watu wa kujitolea wanaokata majani na kuuza chai. Mara moja moja anatokea kijana wa kuuzwa. Cobh Ramblers ilimwuza Roy Keane mwaka 1990 kwa pauni 47,000 hivi, na Sligo ilimwuza Seamus Coleman kwa Everton mwaka 2009 kwa pauni 60,000. Kwa klabu ndogo hiyo ni feza ya kuvuka mwaka.

Cork ilijaribu njia ya mashabiki kwa nguvu zaidi. Walikuwa wamekwisha kuandikisha chama chao, FORAS, kabla ya kampani ya zamani kufungwa na tribunali mwezi wa 2 mwaka 2010. Makaratasi yakiwa tayari, ekipe ikacheza mwaka uleule katika daraja la pili. Mwaka 2017 ilichukua ubingwa na Kombe pamoja. Miaka mitatu tu baadaye ilishuka daraja ikiwa haina kitu, na mashabiki walewale walipiga kura ya kukubali mnunuzi. Yule wa kwanza hakuendelea. Klabu ilifika mikononi mwa mtu mmoja mwisho wa 2022.

Katika wilaya ya Louth kuna klabu mbili majirani. Dundalk ilichukua ubingwa mara tano kati ya 2014 na 2019 na kupata mamilioni ya Ulaya, ikauzwa kwa Wamarekani, ikarudi kwa wenyeji, na mwezi wa 9 mwaka 2024 ilikuwa karibu kufungwa. Mwanasheria wa wilaya hiyo aliichukua, mashabiki wakachanga, ikashuka daraja, kisha ikashinda daraja la pili mwaka 2025. Drogheda nayo, chini ya wawekezaji wa Marekani, ilishinda Kombe la 2024 na kupata nafasi ya Ulaya. Lakini wawekezaji hao walikuwa pia na klabu ya Silkeborg ya Denmark iliyofuzu mashindano yaleyale, na sheria ya UEFA haikubali. Mwezi wa 6 mwaka 2025 rufaa ilikataliwa. Kombe lilibaki Drogheda. Feza ya Ulaya haikufika.